Mkahawa wa Ghorofani: Habari za Paa Moja katika Mji wa Moshi

Mgeni afikaye Moshi kwa mara ya kwanza hutafuta mambo mawili: mahali pa kulala, na mahali pa kuuona mlima. Jambo la pili si rahisi kama lidhaniwavyo. Kibo hujionyesha alfajiri na jioni, bali mchana mara nyingi hujifunika mawingu. Na aliye barabarani huzuiwa na nyumba na miti. Ndiyo sababu baadhi ya wenye hoteli wameyafanya mapaa yao kuwa mabaraza. Hoteli iliyoitwa Kindoroko, kwa jina la mlima ulioko Upare wa Kaskazini, ilijulikana sana kwa wasafiri kwa sababu ya baraza yake ya juu, ambako mtu aliweza kukaa na kinywaji chake akiutazama mlima mwingine ulio mkubwa zaidi. Lakini lipo paa jingine, karibu na mnara wa saa, ambalo habari zake zina uzito zaidi katika historia ya nchi. Hilo ni paa la jengo la chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa.

Ili maana ya paa hilo ifahamike, yafaa kukumbuka kwamba Moshi ya kwanza haikuwa mahali ulipo mji wa leo. Ilikuwa juu, mgongoni mwa mlima, katika nchi ya Mangi Rindi, na misafara iliyotoka pwani kutafuta pembe za ndovu ilipanda kwake. Huko aliyekaa barazani aliitazama nyika iliyo chini yake. Wadachi nao walijenga boma lao huko huko juu, na huko huko wakamnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi, mwezi wa Machi 1900. Lakini reli iliyotoka Tanga ilipofika katika mwaka wa 1911, haikuweza kuupanda mgongo ule. Mji ukashuka, na jina likashuka nao. Pale pa zamani pakaitwa Moshi ya Kale. Tangu hapo utazamaji ukageuka: aliye mjini huinua macho kuuona mlima, na aliye mlimani hushuka mjini kutafuta fedha.

Fedha hizo zilikuwa za kahawa. Mapadre wa Kilema ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuipanda katika nchi hiyo, kabla ya mwaka wa 1900. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya, aliwahimiza Wachaga waipande katika vihamba vyao, chini ya kivuli cha migomba. Walowezi wa Kizungu hawakupendezwa. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa ya mibuni, na tena walihofu kukosa vibarua. Katika mwaka wa 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka wa 1933 mahali pake pakachukuliwa na Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani KNCU. Wala haikuwa njia isiyo na miiba: mwaka wa 1937 zilitokea ghasia, kwa kuwa wakulima wengi walichukia kulazimishwa kuuza kahawa yao kwa njia ya chama peke yake.

Katika siku hizo hoteli za mjini na za mlimani ziliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Mchaga aliingia humo kwa mlango wa watumishi, na sheria ilimzuia kwa miaka mingi kunywa pombe kali za kigeni. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1950, chama kilipojenga jengo lake la ghorofa katikati ya mji, jambo hilo halikuwa la matofali tu. Mlikuwamo ofisi, na hosteli ya kulala, na juu mahali pa kula na kunywa. Mkulima aliyeshuka kutoka Machame au Marangu aliweza kupanda ngazi za nyumba iliyolipiwa na kahawa yake, akakaa juu, akautazama mgongo alikotoka asubuhi.

Maneno yenyewe yana ushahidi wake. Ghorofa ni neno lililotoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni chumba. Waswahili wakalipa maana ya sakafu ya juu, nayo pwani ilikuwa alama ya mwenye mali. Mkahawa ni nyumba inywewamo kahawa. Lakini kinywaji cha jadi cha Wachaga ni mbege, na kahawa waliipanda ili kuiuza. Kwa hiyo mkahawa wa ghorofani katika Moshi ulikuwa neno la pwani lililopewa mwili na jasho la watu wa bara.

Mwaka wa 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na KNCU ikatoweka pamoja navyo. Ikarudishwa mwaka wa 1984. Baadaye hosteli ile ikajulikana kwa wasafiri wa kigeni kwa jina la Coffee Tree, yaani Mbuni, na wengi wao walipanda kwa ajili ya kuona theluji.

Atazamaye kutoka pale huiona Kibo upande wa kaskazini, na Mawenzi kulia kwake, na Meru mbali magharibi. Kusini ni uwanda na miwa ya Arusha Chini. Jicho la mgeni huruka kutoka mabati ya mji hadi kwenye theluji. Katikati yake upo ukanda wa kijani, ambao ndio vihamba, na ndio uliolijenga paa lile. Asiyeutazama ukanda huo ameuona mlima, lakini hajaiona nchi ya Wachaga, wala hajui ni nani aliyemwekea kiti alichokikalia.