Nyumba ya Askari: Nani Alipewa Ufunguo?



Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu usiku. Yumo katika jeshi la Marekani, huu mwaka wake wa nne, na sasa anataka kununua nyumba. "Mjomba," akaniambia, "jeshini wanasema naweza kununua bila ya kianzio, hata senti moja. Mbona naona kama mtego?" Nikamjibu kuwa si mtego, ila jambo lenyewe lina historia, na historia hiyo ina pande mbili. Nimeona heri niyaandike yale niliyomweleza, maana vijana wetu waliovaa sare za nchi za watu si wachache. Kuanzia 2009 hata Kiswahili kilikuwa tiketi ya kuingilia: mpango ulioitwa MAVNI uliwachukua wageni wasio na ukaazi wa kudumu kwa ajili ya lugha zao, chetu kikiwemo, mpaka ukasitishwa 2016.

Tuanze na aibu, kwa sababu ndiko mambo yalikoanzia. Askari wa Marekani waliopigana Vita Kuu ya Kwanza waliahidiwa mwaka 1924 bakshishi ambayo ingelipwa 1945. Ulipokuja mdororo mkuu wa uchumi, watu hawakuwa na chakula, na 1932 maelfu yao walikwenda kupiga kambi Washington kudai chao mapema. Tarehe 28 Julai Rais Hoover aliamuru waondolewe, na Jenerali MacArthur akawafukuza kwa vifaru na gesi ya machozi. Jeshi kulifukuza jeshi lake la jana, si mchezo!

Wanasiasa hawakuisahau picha ile. Vita vya pili vilipokaribia mwisho, askari wapatao milioni 16 walikuwa wamepita jeshini, na kila mtu aliogopa watarudi kwenye nini. Ndipo Rais Roosevelt akatia saini, tarehe 22 Juni 1944, ile iitwayo Sheria ya GI. Ilikuwa na masomo, posho ya wasio na kazi, na mkopo wa nyumba.

Sasa hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Serikali haikutoa mkopo, ilitoa dhamana. Pesa zilikuwa za benki, na serikali iliahidi kulipa sehemu ya deni iwapo askari angeshindwa. Mwanzo dhamana ilikuwa nusu ya mkopo, isizidi dola 2,000, na riba isipite asilimia 4. Mwaka 1945 kiwango kikapandishwa hadi dola 4,000. Benki zilipoona hasara imebebwa na mwingine, zikafungua milango. Kufikia 1952 mikopo ya nyumba karibu milioni 2.4 ilikuwa imedhaminiwa. Mtu aliyekulia chumba cha kupanga akawa na hatimiliki, na mwanawe akarithi.

Lakini milango hiyo ilifunguliwa kwa nani? Kwenye karatasi, sheria haikutaja rangi. Mbunge John Rankin wa Mississippi, mwenyekiti wa kamati iliyoishughulikia katika Baraza la Wawakilishi, alihakikisha utekelezaji unabaki mikononi mwa watu wa majimboni. Na kwa kuwa mkopo ulitoka benki, neno la mwisho alikuwa nalo meneja wa benki. Matokeo yalionekana upesi. Uchunguzi wa 1947 katika miji 13 ya Mississippi ulikuta kwamba kati ya mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba iliyodhaminiwa, miwili tu ilikwenda kwa weusi. Miwili, ndugu zangu!

Msidhani ilikuwa Kusini peke yake. Levittown, mji ulioanza kujengwa 1947 karibu na New York kwa ajili ya hao hao askari, ulikuwa na masharti yaliyomkataza asiye mzungu kuishi humo. Huko Levittown ya Pennsylvania, William Myers, mweusi aliyewahi kuwa askari, alihamia na mkewe Daisy na watoto wao Agosti 1957. Walipokewa kwa makundi ya watu na mawe ya dirishani. Sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba ilipita 1968, miaka 24 baada ya ile ya GI. Miaka hiyo ni umri wa kizazi kizima.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu mzaa mama. Alikuwa KAR, akapelekwa Burma 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria. Alirudi na koti zito na medali. Ya nyumba hakuna aliyemtajia. Wala Waingereza hawakuwa wageni wa fikra ya kumtunza askari kwa mali: mwaka 1919 walishawagawia askari wao wazungu mashamba ya Kenya, mengine kwa bahati nasibu, huku wapagazi na askari weusi wa vita vile vile wakirudi mikono mitupu.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu: chukua haki yako, umeitolea jasho. Omba cheti cha kustahiki, linganisha benki tatu, na ujue kuna ada ya serikali juu ya mkopo, ambayo anayelipwa fidia ya ulemavu wa jeshini husamehewa. Usikubali jibu la meneja wa kwanza, kwa sababu historia yote hii ilipita kwenye meza yake. Na ukipata nyumba, andika wosia mapema. Kilichowanyima wengine hakikuwa paa tu, kilikuwa urithi.

Wenye karatasi za babu zao wa KAR kwenye masanduku, tafadhali zitazameni, mtueleze walilipwa nini walipovuliwa sare.

Naomba kuwasilisha.