Redio Isiyozimika

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwezi Julai 1951. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo watu wa rika langu tuliishi nayo nyumbani kama mzee mmoja wa ukoo. Juu ya matangazo yake yamekwisha kuandikwa mengi. Mimi napenda kuzungumzia jambo dogo zaidi, nalo ni jinsi redio ilivyozimwa.

Redio ya zamani ilikuwa na kitufe cha kuzungusha. Ukikirudisha nyuma mpaka mwisho, kilialika, na mlio ule mdogo ulikuwa na maana kamili: vyuma viwili ndani vimeachana, umeme umekatika. Huku Mara betri zilikuwa ghali, na zikichoka zilianikwa juani ili zipate uhai wa siku mbili tatu. Kwa hiyo kuzima lilikuwa jambo la mwenye nyumba. Taarifa ya habari ikiisha, mkono wa mzee ulikwenda kwenye kitufe, na hakuna aliyebisha.

Hata kufundisha kulitegemea kitufe hicho. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi nchi nzima kusikiliza kipindi cha redio juu ya maji safi, vyoo na malaria. Kipindi kikiisha, kikundi kiligeukia kijitabu na majadiliano. Kwa maoni yangu, somo lenyewe lilianza pale redio iliponyamaza.

Sasa, ndugu msomaji, itazame kompyuta mpakato. Ndani yake kwa kawaida mna redio mbili, Wi-Fi na Bluetooth, na tofauti na redio ya mzee, hizi hupokea na pia hurusha mawimbi. Kanuni za kwanza za Wi-Fi zilitolewa mwaka 1997, na tangu mwaka 2003 kompyuta zenye redio hiyo ndani zikaenea haraka. Nyingi za mwanzo zilikuwa na swichi ndogo ubavuni. Baadaye watengenezaji wakaiondoa, wakaweka alama ya kubonyeza kwenye kioo. Hapo ndipo historia ilipopinda. Mkono uliokuwa ukikata umeme sasa unatuma ombi kwa programu, na programu yaweza kukubali, kuchelewa, au kukubali kwa maneno tu.

Simdhulumu mtu kwa kusema hivyo. Mwaka 2017 simu za iPhone zilipopata programu ya iOS 11, alama ya Wi-Fi kwenye jedwali la haraka iliacha kuzima redio. Ilivunja tu muungano uliopo, na kesho yake saa kumi na moja alfajiri simu ikarudi kuunganika yenyewe. Windows 10 nayo ilimpa mtumiaji nafasi ya kuchagua Wi-Fi irudi baada ya saa moja, saa nne au siku moja. Na tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi unazozima huhifadhi sehemu ya kumbukumbu yake ili ziwahi kuwaka. Kosa lililokuwamo jana laweza kuamka nalo asubuhi.

Mwalimu kijana wa hapa Kewanja aliniletea kompyuta yake. “Shikamoo mwalimu. Nimeizima Wi-Fi, nimeizima na kompyuta yenyewe, lakini nikiwasha taa ile iko palepale.” Kwake yeye halikuwa jambo la mchezo. Anatumia umeme wa jua, na redio inayotafuta mtandao usiku kucha inakula betri yake.

Tena sisi tunaishi jirani na mgodi wa dhahabu, na milipuko tunaijua. Fataki za umeme za aina ya zamani, zenye nyaya, zaweza kunasa nguvu ya mawimbi ya redio. Ndiyo sababu kwenye machimbo mengi duniani huwekwa mabango ya kuamuru redio za mawasiliano na simu zizimwe. Redio ya kompyuta ni dhaifu, kwa kawaida haifiki hata robo ya wati, wala simtishi mtu nayo. Lakini bango linaposema “zima”, halimaanishi “omba izimike”.

Tulianza na taa, kwa kuwa katika baadhi ya kompyuta haizimiki bali hugeuka rangi ya chungwa, na hiyo ndiyo dalili ya kuzimwa. Yake ilibaki nyeupe. Nikamwambia achague kuwasha upya badala ya kuzima, maana njia hiyo huipakia mifumo yote tangu mwanzo. Haikusaidia. Tukaingia kwenye orodha ya vifaa, tukakizuia kifaa cha Wi-Fi chenyewe. Muungano ukakatika, taa ikabaki. Mwisho tukaingia katika mipangilio ya msingi, ile inayofunguliwa kabla Windows haijaamka, tukaondoa ruhusa ya kifaa cha mawasiliano. Taa ikazimika.

“Na nikiihitaji tena?” akauliza.

Nikamwandikia hatua zile kwenye karatasi, akaikunja na kuitia ndani ya mfuko wa kompyuta.