Alama ya Karakana: Kusoma Mwaka na Asili ya Sarafu za Fedha Zilizotumika

Alama ya karakana ni alama ndogo, aghalabu herufi moja au mbili, inayochongwa kwenye muhuri wa kufulia sarafu, yaani kile kipande cha chuma kigumu chenye picha iliyogeuzwa, ili kila sarafu itokayo chini ya muhuri huo itaje mahali ilipofuliwa. Kwa mtumiaji wa kawaida alama hiyo haina kazi yoyote, kwa kuwa rupia ni rupia popote ilipotoka. Lakini kwa mkusanyaji anayepanga sarafu zake kwa mwaka na karakana ndiyo inayoamua kama nafasi fulani katika safu yake imejazwa au bado ni tupu. Kwake rupia ya mwaka 1905 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani si moja bali ni mbili, kwa sababu mwaka huo sarafu hiyo ilifuliwa Berlin na Hamburg pia, na mwenye mojawapo hana nyingine, hata kama zinafanana kwa kila kitu isipokuwa herufi.

Uteuzi wa istilahi yenyewe unahitaji kutetewa, kwa sababu maneno jirani ni mengi na kila moja lina mtego wake. "Chapa" ingeeleweka kuwa picha nzima iliyopigwa usoni mwa sarafu, na "nembo" tayari ni ngao ya dola au ya kampuni, ambayo mara nyingi imo katika sarafu hiyohiyo. "Herufi ya kiwanda" inaelekea kufaa, ila si kila alama ni herufi: rupia za Uhindi za Mfalme George V, ambazo nazo zilipita mikononi mwa watu wa pwani, zilitiwa nukta ndogo zilipofuliwa Bombay, na zile za Calcutta hazikutiwa kitu. Neno "karakana" lina sifa ya ziada ambayo kiwanda hakina, kwamba linabeba mahali pa ufundi, pawe pakubwa au padogo. Mwaka 1916, vita vilipokata njia za bahari, Wajerumani walifua sarafu katika karakana ya reli eneo la Tabora, wakatoa hela za shaba nyeupe na nyekundu pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, zote zikiwa na herufi T. Sarafu hizo si za fedha na haziingii katika safu inayojadiliwa hapa, lakini kati ya herufi zote zitakazotajwa ni T pekee inayotaja mji wa Afrika Mashariki.

Makuyuni, kwenye njia itokayo Korogwe kwenda Mombo, ni mahali panapoonyesha vyema jinsi sarafu hizi zilivyofika bara. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na pamoja nayo ikaja kazi ya ujira, kwanza ya reli yenyewe na kisha ya mashamba ya mkonge. Kabla ya hapo, kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 kwa kiwango cha rupia 3 kwa nyumba ya kijijini ilikwisha kumlazimisha mwenye nyumba, awe Mzigua wa Handeni au Msambaa wa milimani, kuitafuta sarafu hata kama sokoni kwake hakuihitaji. Rupia iliyotoka kwa mlipa ujira ilirudi kwa mtoza kodi, ikatolewa tena kuwa ujira, na kila mzunguko ukaisugua kidogo.

Rupia hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, sawa na ile ya Uhindi, na sehemu 917 kati ya 1,000 zilikuwa fedha halisi. Tangu mwaka 1890 hadi 1902 ilitolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ikiwa na Kaiser Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma yenye tai upande mmoja, na ngao ya kampuni yenye simba na mnazi upande wa pili; ilifuliwa Berlin, wala haina herufi. Mwaka 1904 serikali ya koloni ilichukua nafasi ya kampuni, ikaigawa rupia katika heller 100 badala ya pesa 64 (heller hiyo ndiyo iliyoachia Kiswahili neno hela), na kuanzia hapo sarafu za fedha zikawa na A ya Berlin au J ya Hamburg. Hivyo kukosekana kwa alama nako ni taarifa, ila maana yake hutegemea nani alitoa sarafu: katika rupia ya kampuni ni Berlin, katika shilingi ya Afrika Mashariki ni London, na katika rupia ya George V ni Calcutta.

Mwaka nao hauaminiki kwa kuutazama tu. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana katika biashara ya Zanzibar na mrima, imeandikwa 1780 hata pale ilipofuliwa katika karne ya 19 au ya 20, na herufi zake S.F. si alama ya karakana bali ni za majina ya maofisa wawili wa karakana ya Günzburg, zilizoendelea kunakiliwa muda mrefu baada ya maofisa hao kufariki. Riale ya Sultani Barghash imeandikwa 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, mwaka wa Hijria unaolingana na 1882 kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana ni heri mkusanyaji aandike "mwaka ulioandikwa" na "mwaka wa kufuliwa" katika safu mbili tofauti za daftari lake.

Safu ya shilingi ni rahisi kuianza lakini ni duni kwa madini. Shilingi ya simba, iliyotolewa kuanzia mwaka 1921 na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ilikuwa na uzito wa takriban gramu 7.8, na robo yake tu ndiyo fedha, yaani chini ya gramu 2 zikilinganishwa na zaidi ya gramu 10 za rupia. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini rupia nyingi ziliishia kwa mfua fedha, zikayeyushwa kuwa vikuku au zikatobolewa zivaliwe shingoni, ilhali shilingi ziliachwa zichakae. Herufi H ni ya karakana ya Heaton mjini Birmingham, I ni ya Bombay, na SA ni ya Pretoria. Hizi mbili za mwisho zilianza kutiwa miaka ya Vita Kuu ya Pili, na shilingi ya fedha ya mwisho, ya mwaka 1946, ni ya SA. Iliyofuata, ya mwaka 1948, haina fedha kabisa.

Vitabu vya bei huweka sarafu isiyotumika juu kabisa, lakini kwa historia ya sehemu kama Makuyuni daraja hilo halina uzito mkubwa, kwa sababu rupia isiyo na mkwaruzo huenda haikuwahi kutoka sandukuni. Iliyotumika ina ushahidi wa safari yake, mradi isisuguliwe kwa majivu au limau, kwani weusi unaoifunika fedha ukiondolewa huondoka na sehemu ya uso, pengine pamoja na herufi yenyewe. Herufi ikififia, mwaka unaweza kusaidia: rupia ya 1904 ni ya A tu, na za 1907, 1908 na 1914 ni za J tu, kwa hiyo nafasi yake inajulikana hata kama alama haionekani. Kwa miaka ya 1905, 1906, 1911 na 1913, ambapo karakana zote mbili zilifua, hakuna njia hiyo, na sarafu ya namna hiyo huandikwa daftarini kwa mwaka wake pekee, karakana ikiachwa wazi.