Mizinga ya Meli Iliyopandishwa Milimani, na Watu Walioibeba

Ukimwambia mtu wa Iringa au Mbeya kwamba mizinga ya baharini iliwahi kufika huku milimani, atacheka. Bahari iko wapi na Ngominyi iko wapi? Lakini ndivyo ilivyokuwa, mdau, na stori yenyewe inaanzia mbali kidogo, kwenye matope ya Rufiji.

Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na manowari moja ya maana katika pwani hii, Königsberg. Tarehe 20 Septemba iliivamia meli ya Waingereza iitwayo Pegasus palepale Zanzibar, ikaizamisha, halafu ikaingia mitini. Mitini kweli, maana ilijificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji. Waingereza wakaisaka, wakaizingira, na tarehe 11 Julai 1915 wakaipiga mpaka ikaisha. Wakajua kesi imefungwa.

Kumbe wapi! Meli ilikufa lakini mizinga yake 10 ya milimita 105 ilikuwa bado inafaa. Wajerumani wakaiopoa, wakaipeleka Dar es Salaam, na huko karakana ya reli ikaitengenezea magurudumu. Mingine ikabaki Dar na Tanga kulinda bandari. Mingine ikapanda treni kwenda bara. Mmoja ulifungwa hata juu ya Graf von Götzen kule Kigoma, meli ambayo leo watu wanaiita MV Liemba.

Sasa treni ikiwepo, sawa. Balaa ni pale reli inapoishia. Mtutu mmoja peke yake ulikuwa na uzito wa kama tani moja na nusu. Kombora moja ni kilo 17 hivi, hapo baruti bado. Barabara hakuna. Ng'ombe wa kukokota wanakufa kwa mbung'o. Basi ikabaki kamba na mabega ya watu. Mamia ya wanaume kwa mzinga mmoja, wanavuta kwenye mchanga, wanavuta kwenye tope la masika, wakifika mtoni wanaanza kutengeneza njia ya kuuvusha. Nyuma yao kuna foleni nyingine ndefu ya watu wenye makombora na unga vichwani. Vitabu vingi vinawasifu maofisa kwa ujanja huo, utadhani maofisa ndio walioshika kamba.

Huku nyanda za juu vita iliingia kwa mlango wa kusini. Mei 1916 Jenerali Northey wa Uingereza alivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia Kaskazini, na mwezi huohuo akaichukua Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu Langenburg. Julai watu wakapigana Malangali. Tarehe 29 Agosti Iringa mjini ikaanguka. Waingereza hawajapumua vizuri, Oktoba jeshi la Kijerumani la Jenerali Wahle likatokea upande wa Tabora, likakivamia kituo cha Ngominyi na kuteka mizinga miwili. Na hiyo mizinga ya Waingereza nayo ilikuwa ya aina ya majini, ya kufungwa kwenye meli! Ilifikaje Ngominyi? Jibu ni lilelile, mabega ya watu.

Wahehe mizinga walishaijua. Oktoba 1894 Wajerumani waliipiga ngome ya Mkwawa pale Kalenga kwa makombora mpaka wakaiteka. Piga hesabu kidogo: kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile, mwaka 1916 alikuwa na miaka 42. Bado ana nguvu, bado anaweza kukamatwa akabebe mizigo ya jeshi lilelile lililomvunjia ngome. Akiukwepa mzigo wa Mjerumani, Mwingereza naye anatafuta wapagazi. Na pande zote mbili zilikula mahindi na ng'ombe wa vijijini.

Mizinga ya Königsberg yenyewe ina anwani mpaka leo. Mmoja uko Fort Jesus Mombasa, mwingine Pretoria, mwingine Jinja, Uganda. Watu wanapiga nao selfi. Mbebaji wa huo mzinga alizikwa wapi? Kwa upande wa Waingereza tu, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, siyo risasi. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, na huenda idadi ikafika 350,000. Wazungu walioanguka huku waliandikiwa majina kwenye mawe.

Hata ile sanamu ya Posta jijini Dar, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya askari mwenye bunduki. Nairobi angalau walimweka mpagazi pembeni ya askari wawili.

Dar wapagazi waliachiwa jina la mtaa. Kambi yao ilikuwa pale ambapo Waingereza waliwaweka watu wa Carrier Corps, na midomo ya Waswahili ikaligeuza neno hilo kuwa Kariakoo. Wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa wanashuka pale kila wiki kufuata mzigo, na vijana wanapita katikati yao na marobota kichwani wakipiga kelele wapishwe.