Kura ya injini katika mbio za gokati
Rais Paul Kagame alipotangaza mjini Kigali, Desemba 2024, kwamba Rwanda inawania kuandaa Formula 1, mbele yake walikuwapo wakuu wa FIA, shirikisho la kimataifa la magari. Madereva wengi wa Formula 1 walianzia kwenye gokati, na humo gharama hujificha katika injini. Injini mbili za muundo mmoja hazilingani nguvu. Mwenye fedha hununua kadhaa, akabakiza iliyo kali. Katika Kombe la Akademia, lililoanzishwa 2010 na tume ya gokati ya FIA, injini ziligawiwa kwa kura. Dawa hiyo yafaa hata klabu ndogo itakayowafungulia mlango vijana wa Nyakabanda: injini ziwe mali ya klabu, zifungwe kwa lakiri, zipigiwe kura upya kila shindano. Matairi na mafuta, hata hivyo, hayana kura.