Martín de Porres (1579–1639), bruda wa wagonjwa

Alizaliwa Lima, Peru. Mama yake, Ana Velázquez, alikuwa mwanamke mweusi aliyetoka utumwani. Baba, Mhispania wa ukoo wa heshima. Martín alijifunza unyozi, na kinyozi wa enzi hizo hakuishia kwenye nywele: aling'oa meno, alitoa damu, alifunga vidonda na kuchanganya mitishamba.

Alipobisha hodi kwa watawa Wadominiko, sheria ilimzuia mtu mwenye asili ya Afrika kuwa mtawa kamili. Akaingia kama mtumishi: akafagia, akafua, akawanyoa mapadre. Hata hivyo, aliweka nadhiri mwaka 1603, na kazi ya wagonjwa ikawa yake hadi mwisho. Watawa wenzake, watumwa, maskini wa mitaani, wote aliwauguza. Inasimuliwa kwamba wengine aliwalaza kitandani mwake, wakubwa wakamkaripia.

Wachongaji humshikisha ufagio, na miguuni humwekea mbwa, paka na panya wanaokula sahani moja. Wembe, uliomfungulia njia ya utabibu, husahaulika mno.

Papa Yohane XXIII alimtangaza mtakatifu tarehe 6 Mei 1962. Vinyozi humwita msimamizi wao.