Frederick Forsyth
Frederick Forsyth (25 Agosti 1938 – 9 Juni 2025) alikuwa mwandishi Mwingereza wa riwaya za kusisimua. Alianza kwa kurusha ndege za kivita, kisha akawa mwanahabari wa Reuters mjini Paris wakati Rais de Gaulle wa Ufaransa akiwindwa na wauaji. BBC ilimtuma kwenye vita vya Biafra nchini Nigeria. Baadaye, akiwa hana kitu mfukoni, aliandika riwaya ya *The Day of the Jackal* kwa siku 35. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1971. Humo muuaji anachukua jina la mtoto aliyekufa zamani, anaomba cheti chake cha kuzaliwa, halafu pasipoti. Lugha ya Forsyth ni kavu kama ripoti, na hapo ndipo penye nguvu; wahusika wake hawana nguvu hiyo. Mwaka 2015 alifichua kwamba aliwahi kuisaidia idara ya ujasusi ya Uingereza, MI6.